Shukrani za Paka Ndani ya Muthokoi

Alhamisi, mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa baridi na ukungu, jua limetoka saa tano. Saa hii ni saa tisa na kitu.

Shajara, leo nimenawa mikono mara tisa. Nimenawa na sabuni ya kipande, nimenawa na jivu, nimenawa na ndimu, nimenawa na ile dawa ya choo ambayo chupa yake imeandikwa usiguse. Bado nanusa. Nikileta simu karibu na uso ndio niandike, vidole vinapita karibu na pua na nairudisha simu chini.

Nimechukizwa. Kama kuna neno kubwa kuliko hilo, mimi sikulifikia, niliachia shule darasa la sita.

Kwa wenye wanasoma hapa na hawanijui, mimi ni mama tu wa huku Kalama, Ukambani, nalima, nafuga kuku, na nina wasiwasi. Hii blogu nilifunguliwa na binti yangu Ndunge, yule anafanya kazi Nairobi. Alichoka na simu zangu. Aliniambia, "Mum, hiyo wasiwasi yote andika huku, halafu unipigie mara moja kwa siku." Basi naandika. Na bado napiga.

Jumatatu nilisoma kwa simu mahali mtu ameuliza kama paka waliookolewa wanajua kwamba wameokolewa. Kama wanashukuru kwa nyumba nzuri na watu wa kuwapenda. Watu wengi walikuwa wamejibu kwamba ndiyo, wanashukuru sana. Ati paka akikuangalia akifumba macho polepole, hiyo ni asante. Akikukanyagakanyaga tumbo, asante. Akikuletea panya, asante kubwa kabisa. Nilisoma nikitabasamu peke yangu kama mjinga, nikamwangalia paka wangu Simiti amelala kwa kochi, nikajiambia, kumbe huyu amenishukuru siku zote na mimi sikujua.

Leo na mimi ningejibu. Lakini sijui kama wangeyaacha hayo maneno yasomwe.

Wacha nianze kwa Simiti.

Baba Ndunge hupakia magunia ya simiti kwa malori huko Athi River, na hurudi nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja mwaka jana, wakati wa mvua, alishuka na kitu kimefungwa kwa shati lake la kazi. Nilifikiri ni nyama. Nilikuwa nimeshatafuta sufuria. Akafungua, na ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu, kama kipande cha ukuta kilichoanguka, na hicho kipande kikalia.

Alikuwa ametolewa nyuma ya magunia yaliyopasuka. Vumbi ilimwingia, halafu akanyeshewa. Wanaojenga wanajua simiti ikinyeshewa inafanya nini. Manyoya yalikuwa yameshikana, jicho moja halifunguki, masikio yamekauka kama biskuti. Nilimwosha na maji ya vuguvugu, haikutoka. Nikampaka mafuta ya kupikia, nikakata na makasi kidogo kidogo, nikiogopa kukata ngozi. Ilinichukua siku tatu. Chini ya ile kijivu yote akatokea paka wa rangi ya machungwa! Lakini jina lilikuwa limeshashika.

Nilimbeba kwa kifua ndani ya leso kama mtoto. Nilimpa maziwa na kijiko. Nikiamka naweka mkono kwa mbavu zake nione kama anapumua. Baba Ndunge alicheka, akasema hata watoto wake sikuwaangalia hivyo. Niliwaangalia. Yeye alikuwa Athi River.

Basi huyo ndiye Simiti. Ana kochi. Ana blanketi yake. Anakula omena, wale dagaa wa ziwani, iliyotolewa vichwa, kwa sababu vichwa hapendi.

Na yeye amenipa nini?

Amenitapikia kwa vitambaa vya kochi, vile nilifuma mwenyewe mwaka mzima, matapishi ya nyasi na nywele yenye umbo la kidole. Amekuwa akienda nyuma ya bucha huko njia panda kula yale yanamwagwa kwa mtaro, halafu anarudi kunilamba shavu. Jumapili moja nilikuwa nimechelewa kanisani, nikaingiza mguu kwa kiatu bila kuangalia, na kiatu kilikuwa na nusu ya panya. Nusu ya nyuma. Sikuwa nimevaa soksi.

Hayo yote nilisamehe. Nilisema ni mnyama. Nilisema hata watoto wangu wamenitapikia.

Lakini hii ya leo.

Kesho kutwa, Jumamosi, tuna wageni. Ndunge amepata mtu. Ni kijana mzuri, wazazi wake ni Wakikuyu, watu wa Mkoa wa Kati, lakini wamekaa Machakos mjini miaka mingi wakiuza vifaa vya ujenzi. Wanaleta mbuzi za ntheo. Kwetu Ukambani, zile mbuzi zikishaletwa na moja ikachinjwa ikaliwa, basi, msichana ameolewa, hata kama harusi ya kanisa itakuja baadaye. Sijalala vizuri tangu walipopanga hiyo siku. Naogopa mvua, naogopa viti, naogopa Baba Ndunge ataongea sana.

Kitu kimoja tu sikuogopa, chakula. Nilisema hawa watu wamezoea githeri yao, maharagwe na mahindi yenye ngozi yake. Mimi nitawapa muthokoi, na si ile ya kukobolewa kwa mashine. Nitaitwanga. Mahindi yangu mwenyewe, unayalowesha kidogo, unayatia kwa kinu, unatwanga mpaka ngozi itoke, unapepeta, makapi yanaenda, punje inabaki nyeupe. Wiki iliyopita nilitwanga siku tatu. Nilitwanga nyingi, ya wageni na ya kuweka, ndio maana ilibidi niianike isiote ukungu. Mikono ilivimba nikashindwa kufunga kitambaa cha kichwa.

Niliianika kwa turubai kubwa katikati ya boma. Jua la mwezi huu ni la kuomba, kwa hivyo kila siku natandaza, jioni nakusanya kwa gunia, asubuhi natandaza tena.

Sasa lazima niandike kuhusu Susu.

Susu ni mama ya mume wangu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, hivyo ndivyo watoto wanamwita, na sisi wote tumefuata. Mimi mwenyewe nikiwa mbele yake namwita Mama. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Nimekuwa mke wa kijana wake miaka ishirini na sita, na kwa hiyo miaka yote hajawahi kusema nimepika vizuri. Chai yangu ataangalia na kuniuliza, "Hii ni chai, ama umesuuza kikombe?" Ugali wangu aliwahi kumpa mbwa mbele yangu, halafu akamwonea mbwa huruma. Hasemi kwa ubaya. Anasema tu kama mtu anayesoma barua.

Jumanne nilitoa muthokoi kidogo, ile iliyokauka kwanza, nikapika na maharagwe nione kama itaiva sawa. Nikampelekea Susu sahani. Akala. Akasukuma ile sahani mbele, maana yake niongeze. Nikaongeza. Akamaliza, akapangusa mdomo, akaniangalia.

Akasema, "Mama Ndunge. Hii ndiyo muthokoi."

Nilirudi jikoni nikalia nikishika ukuta.

Iliyobaki aliibeba kwa bakuli lake. Na jana kwa mkutano wa akina mama kanisani alisimama, yeye ambaye husimama tu wakati wa kulalamika, akasema kwamba wasichana wa siku hizi waende kwa mke wa kijana wake wafundishwe kutwanga. Nilikuwa nimekaa pale. Niliangalia chini. Sijawahi kuwa na furaha hivyo tangu Ndunge azaliwe.

Sasa leo.

Saa sita hivi nilikwenda kugeuza. Muthokoi ikiwa juani unaigeuza kwa mikono, unaingiza vidole mpaka chini, unaleta ya chini juu. Nilikuwa nimepiga magoti naimba. Mkono wa kulia ukaingia kwa kitu laini.

Vuguvugu.

Nilitoa mkono nikauangalia. Halafu nikanusa. Sijui kwa nini mtu hunusa, ulishaona, ulishajua, lakini bado unaleta mkono kwa pua.

Nitaandika neno lenyewe kwa sababu hakuna lingine. Mavi. Mavi ya paka, mabichi, yamefunikwa vizuri na muthokoi yangu nyeupe, yamekwaruziwa juu kwa nyayo, yamesawazishwa.

Nikachimbua pale kando. Yakawa mengine. Nikaenda kwa gunia la ile iliyokauka jana, nikamwaga lote kwa turubai, nikapekua. Nikapata mengine makavu, magumu, meusi, yenye punje za mahindi zimegandia.

Na hapo ndipo nilikumbuka Jumanne. Nilipokuwa nachagua ile ya kupika niliona vidonge viwili vitatu vyeusi. Nikasema ni udongo. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha, nikakiponda kimoja katikati ya vidole viwili, kikawa unga. Nikasema, eh, ni udongo. Nikaosha muthokoi maji matatu, nikapika.

Nilitapika nyuma ya choo. Sikufika ndani.

Nilipomaliza nikachukua ufagio nikamtafuta huyo paka. Nilikuwa nataka kumpiga, nakiri. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nataka kumwambia, wewe, ulikuwa jiwe, nilikukata simiti kwa ngozi siku tatu, nimekutolea omena vichwa, na malipo ni haya, kwa chakula cha mtoto wangu, kwa siku ya mtoto wangu! Kama kuna kiumbe hana shukrani katika hii dunia, ni wewe.

Nikampata nyuma ya jikoni, pale nilirundika makapi ya kutwanga. Alikuwa juu ya makapi. Hakukimbia. Aliniona na ufagio, akachimba shimo dogo, akageuka, akachuchumaa, na wakati anafanya kazi yake alikuwa ananiangalia.

Akafumba macho polepole. Akafumbua. Akafumba tena.

Ufagio ulinitoka mkononi.

Kwa sababu nilikumbuka. Mwaka jana alipoletwa ilikuwa mvua, udongo wote wa boma ni matope, na yeye hawezi kutoka na lile jicho. Nilisoma kwa simu kwamba paka anawekewa mchanga. Mchanga sikuwa nao. Nilikuwa na makapi ya muthokoi, makavu, laini, nikajaza karai. Nikamweka juu, nikamshika miguu ya mbele nikamwonyesha kuchimba. Alishika siku ya pili. Nilimpigia makofi! Nilimwita mtoto mwerevu, nikampa samaki. Miezi miwili alikuwa anaenda kwa hiyo karai bila kukosea, na kila akimaliza ananiangalia, na mimi namsifu.

Halafu alipopona, karai nikaiondoa, akawa anaenda kichakani. Na mwaka huu nikatandaza turubai nzima ya kitu chenye harufu ileile.

Yaani kwake yeye nilikuwa nimemjengea choo cha kifalme.

Sikupiga. Lakini msifikiri moyo uliyeyuka hapo. Kuelewa na kuchukizwa vinakaa pamoja vizuri tu. Nilisimama pale naelewa kila kitu na bado nilitaka kutapika tena.

Sasa kuungama kwenyewe, kwa sababu hayo ya juu ni ya paka, haya ni yangu.

Sikumwaga muthokoi. Nilichagua. Nilitoa ile iliyoguswa, na ile iliyokuwa karibu na iliyoguswa, na iliyobaki nikaitia kwa beseni nikaosha na maji moto. Maji saba. Nikajiambia moto unaua kila kitu, muthokoi inachemka saa nne, hakuna mdudu anamaliza saa nne. Nikajiambia Jumanne tulikula na hakuna mtu ameumwa. Nilipomwaga maji ya saba ile muthokoi ilikuwa nyeupe, shajara, inang'aa kama meno ya mtoto. Nikaiangalia, nikaona mikono yangu iliyovimba, nikasema, nani atajua?

Saa nane hivi, mlango wa ua ukalia. Susu, na fimbo yake, na bakuli la bati.

"Nipimie hapa kidogo," akasema. "Mke wa mchungaji hakuniamini jana. Nataka aonje anyamaze."

Ningesema haijakauka. Ningesema ni ya wageni. Nilisema, "Sawa Mama," na nikashika mkebe wa gorogoro, ule wa kupimia nafaka, nikachota kwa beseni ukajaa. Naandika ili nijue nilifanya hivyo. Ulijaa mpaka juu.

Kabla sijamimina, Susu akainua punje mbili kwa mkebe na kuzitupa mdomoni. Ndivyo wanavyopima watu wa zamani, wanauma ikiwa mbichi wasikie kama ngozi yote imetoka. Ana meno matano, nayo huwa anayatumia yote.

"Tema!" nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele maisha yangu. "Tema Mama! Tema! Tema!"

Akatema kwa kiganja. Akaangalia zile punje, akaniangalia mimi.

"Ni dawa ya panya?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Ni paka."

"Paka amefanya nini?"

Nikamwambia. Nilitumia neno lenyewe, mbele yake, na sikuanguka.

Akaangalia turubai. "Hapa?"

"Hapo."

"Leo?"

"Leo. Na jana. Na sijui siku ngapi."

Akachokora turubai kwa fimbo. Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Nilijua swali ambalo linakuja, na nilijua pia kwamba hili naweza kulikataa. Vile vidonge nilivitupa. Nilikuwa peke yangu jikoni. Hakuna mtu duniani angeweza kusema vilikuwa nini.

"Na Jumanne?" akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulikuwa umeshakaa hivyo. Lakini nikaona zile punje kwa kiganja chake, zimelowa mate, na nikafikiria minyoo ndani ya tumbo la mtu wa umri ule. Anafaa kumeza dawa. Hawezi kumeza dawa ya kitu asichojua.

"Hata Jumanne, nafikiri."

"Nafikiri ndiyo nini? Ndiyo ama hapana?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ulikula sahani ngapi?"

"Moja."

"Mimi mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Na nikabeba."

"Ndiyo, Mama."

"Nikasimama kanisani." Akatikisa kichwa polepole. "Aiya. Miaka ishirini na sita nimechunga mdomo wangu, na siku moja nimeufungua kusifu, nasifu mavi ya paka."

Nilikuwa naangalia miguu yake.

Akapangusa ndani ya bakuli lake na ncha ya leso, kama limechafuka kwa kuingia bomani kwangu tu. Akageuka. Alipofika kwa mlango wa ua akasimama, akaelekeza fimbo kwa Simiti aliyekuwa amekaa juu ya jiwe anajilamba huko nyuma.

"Huyo mngemwacha hukohuko Athi River amwagiwe simiti ndani ya daraja."

Akaenda.

Nilipobaki niliona jambo moja kuhusu mimi mwenyewe ambalo sikulipenda. Nilikuwa nimekasirika. Nimesema ukweli, ukweli mgumu hivi, nimemwokoa mtu asile uchafu mara ya pili, na hakusema hata asante. Mimi nilitaka asante! Nilisimama pale na mkebe wa gorogoro nikingoja kushukuriwa.

Basi nikamwaga. Yote. Ya beseni, ya turubai, ya magunia. Kuku nisingewapa kwa sababu hao kuku tutawala Jumamosi. Nilichimba shimo nyuma ya migomba, nikamwaga mahindi yangu ya msimu mzima, na kumwaga chakula huku kwetu ambako mvua inakuja ikitaka, ni kama kuzika mtu. Nilifukia. Nikakanyaga juu. Simiti alikuja kuangalia, akanusa ule udongo mpya, akaanza kuchimba.

Hapo nilimbeba kwa shingo nikamfungia stoo. Amewekewa karai ya mchanga niliouomba kwa jirani anayejenga. Mchanga, hakuna kingine. Atakaa huko mpaka wageni waende, na akianza kulia nitaimba kwa sauti.

Nilimpigia muuza dawa wa njia panda. Akasema tumeze dawa ya minyoo, mimi na Susu, na tusiwe na hofu. Huyo hanijui.

Ndunge, kama unasoma hii, na najua husomi mpaka Jumapili, usiwaambie hao wakwe zako. Kitu cha kupika kitapatikana. Nitanunua ya mashine sokoni kesho. Nilishakubali hivyo, nilishakaa hapa kwa kizingiti nikaanza kuandika, nikisema basi, watakula ya mashine, na Susu hatanisifu tena mpaka nizikwe, na maisha yataendelea.

Na lile swali la paka, kama anashukuru? Nafikiri Simiti anashukuru sana. Nafikiri alinipa kila siku kile nilimfundisha kwamba kinanifurahisha. Na nafikiri shukrani yake inanuka, na leo siitaki, na kesho siitaki, na blanketi yake nimeianika kwa ua sijui kama itarudi kwa kochi. Nampenda. Nikimfikiria ngozi inanisisimka. Yote mawili ni kweli, na sijui unaandikaje hivyo vizuri.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo.

Lakini kuna sauti. Imeanza nikiandika ile sehemu ya shimo, nikafikiri ni fundi mahali. Si fundi. Inatoka ng'ambo ya michongoma. Tu. Halafu kimya. Tu. Halafu kimya kirefu, cha mtu anavuta pumzi. Tu.

Ni kinu. Susu ametoa kinu chake, kile kikubwa cha zamani ambacho hakuna mtu amekigusa tangu baba mkwe aage dunia. Ana meno matano na goti moja zima, na anatwanga.

Muthokoi ya kupikwa Jumamosi haihitaji jua. Ukitwanga leo na kesho, unaipika mbichi, na ni tamu hata zaidi. Hilo nilijua. Ni mikono tu sikuwa nayo.

Sijui anatwanga kwa sababu gani. Labda ni ya Ndunge, mjukuu wake, asiaibike. Labda ni ya mke wa mchungaji. Labda anataka Jumamosi kila mtu aambiwe kwamba hii ametwanga mwenyewe kwa sababu ile ya mke wa kijana wake haiwezi kuliwa. Anaweza. Namjua. Na nikienda huko atanusa mikono yangu kabla ya kunisalimia, na atasema kitu, na nitakisikia mpaka uzeeni.

Kinu kile kina michi miwili. Kilichongwa kwa watu wawili, mmoja akiinua mwingine anashusha.

Sauti imesimama.

Amechoka, ama ananingoja?

Wacha niache hii simu niende.